Kupima si kutibu: Funzo la Bungoma na Kitale kwa madaktari wa kesho

MNAMO Agosti 2013, mwanamke mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya umma mjini Bungoma. Hakuwa amepata kitanda, na alipozinduka baada ya kuzirai alikuta wauguzi wakimfokea na kumpiga. Kisa hicho kilinaswa kwenye video, na taifa zima likakishuhudia.

Ilichukua takriban miaka mitano haki kutendeka. Mnamo Machi 22, 2018, Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu ya Bungoma aliamua kwamba haki za mama huyo zilikiukwa, ikiwemo haki yake ya afya na ya kuheshimiwa utu wake. Aliagiza alipwe fidia ya Sh2.5 milioni na aombwe radhi rasmi.

Wengi wanaukumbuka uamuzi huo kama ushindi wa akina mama wajawazito. Hilo ni kweli. Hata hivyo, kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na utabibu una funzo pana zaidi. Mahakama haikukomea kwa wauguzi waliomdhulumu mama yule. Ilizigeukia pia serikali ya kitaifa na ile ya kaunti, ikasema kwamba zilitangaza huduma ya uzazi bila malipo lakini hazikuhakikisha kuwa viwango vya huduma hiyo vinafuatwa. Kwa ufupi, anayemwalika mwananchi hospitalini ana wajibu wa kujiandaa kumpokea.

Funzo hilo linafaa kukumbukwa wakati huu ambapo wito wa uchunguzi wa mapema wa magonjwa umeenea kila mahali. Tangu Septemba 2023, serikali imewapa zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za kupima shinikizo la damu na kiwango cha sukari mwilini. Wahudumu hao hutembea boma hadi boma, Kiminini na Endebess katika Kaunti ya Trans Nzoia sawa na Kimilili na Sirisia kule Bungoma. Makanisa, wanasiasa na mashirika nayo huandaa kambi za matibabu ya bure, ambako watu hupanga foleni kupimwa hili na lile.

Nia ni njema, na hakuna anayepinga kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Tatizo ni kwamba kupima si kinga, wala si tiba. Kipimo hutoa habari tu. Habari hiyo huokoa maisha iwapo ni sahihi, imeelezwa vyema na inafuatwa na matibabu. Kikikosekana kimojawapo cha vitu hivyo, mwananchi hurudi nyumbani na hofu asiyoweza kuitatua, au na utulivu ambao hakustahili kupewa.

Hesabu inayowashinda hata madaktari

Mwaka wa 1978, watafiti nchini Marekani waliwauliza watu 60 swali moja katika hospitali nne za kufundishia zenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Harvard. Kati yao 20 walikuwa wanafunzi, 20 madaktari chipukizi na 20 madaktari wenye uzoefu. Swali lilikuwa hivi: ugonjwa fulani humpata mtu mmoja kati ya 1,000, na kipimo chake hukosea kwa kusema watu watano kati ya kila 100 walio wazima ni wagonjwa. Mtu ambaye huna habari nyingine kumhusu amepatikana nao. Je, kuna uwezekano gani kwamba kweli ni mgonjwa?

Wengi walijibu asilimia 95. Jibu sahihi ni takriban asilimia 2, na ni watu 11 pekee kati ya 60 waliolipata.

Msomaji asiyeamini na achukue kalamu. Katika watu 1,000 mgonjwa ni mmoja. Wazima ni 999, na asilimia 5 yao ni kama watu 50 ambao kipimo kitawaita wagonjwa kimakosa. Jumla ya watakaoambiwa wana ugonjwa ni 51, ilhali aliye nao ni mmoja tu.

Tuulete mfano wa kubuni hapa nyumbani. Tuseme kambi ya matibabu mjini Kitale imewapima watu 2,000 ambao hawana dalili zozote, na kwamba mtu mmoja kati ya kila 100 ana ugonjwa unaotafutwa. Kipimo ni kizuri: huwanasa wagonjwa 90 kati ya 100, na huwapa wazima 95 kati ya 100 jibu la kwamba wao ni wazima. Wagonjwa halisi ni 20, na kipimo kitawanasa 18. Wazima ni 1,980, na kati yao 99 wataambiwa wana ugonjwa ilhali hawana. Jumla ya watakaotoka pale na majibu ya kutisha ni 117. Walio wagonjwa kweli ni 18, yaani kama 15 kati ya kila 100 waliotishwa. Isitoshe, wagonjwa wawili watarudi nyumbani wakijiona salama.

Sasa tupeleke kipimo hichohicho kwenye kliniki ya watu 2,000 waliokuja na dalili, ambako mtu mmoja kati ya watano ana ugonjwa. Wagonjwa ni 400, na kipimo kitawanasa 360. Wazima ni 1,600, na 80 kati yao wataambiwa kimakosa kwamba wanaugua. Hapo wenye ugonjwa ni 360 kati ya 440, yaani 82 kwa kila 100. Kipimo hakikubadilika, wala mkono wa aliyepima. Kilichobadilika ni watu waliopimwa.

Hili ndilo somo la kwanza la takwimu za afya, na si la darasani pekee. Mnamo 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mataifa ambako maambukizi ya virusi vya HIV yanapungua chini ya asilimia 5 yatumie vipimo vitatu mfululizo kabla ya kumwambia mtu kwamba ameambukizwa. Sababu ni hesabu hiyohiyo: kadiri wagonjwa wanavyopungua katika jamii, ndivyo majibu ya kimakosa yanavyochukua sehemu kubwa ya majibu yote. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kwamba Kenya ilikuwa na maambukizi ya asilimia 4.9 miongoni mwa watu wazima.

Ndivyo ilivyo pia kwa shinikizo la damu. Mtu aliyepanda mlima kwa miguu, akafika kambini akihema na kuketi foleni kwa wasiwasi, anaweza kuonekana ana shinikizo la juu ilhali hana. Ndiyo maana kwa kawaida hutakiwa kupimwa tena siku nyingine kabla ya kuanzishiwa dawa za maisha, isipokuwa kiwango kiwe cha hatari.

Safari ndefu si maisha marefu

Kosa la pili linahusu jinsi mafanikio ya uchunguzi yanavyopimwa. Husemwa mara nyingi kwamba waliogunduliwa mapema huishi miaka mingi zaidi baada ya kugunduliwa. Kauli hiyo yaweza kuwa kweli na bado isithibitishe lolote.

Fikiria abiria wawili wa matatu moja inayotoka Kitale kwenda Bungoma kupitia Webuye. Mmoja amepandia Kitale, mwingine Webuye. Wote watashuka Bungoma saa ileile. Wa kwanza atasema amesafiri kwa muda mrefu zaidi, na hatakuwa amedanganya, lakini hakuchelewa kufika kwa sababu alipanda mapema. Vivyo hivyo, mtu aliyegunduliwa na saratani akiwa na miaka 55 na kufariki akiwa na 62 ameishi na habari hiyo miaka saba. Aliyegunduliwa akiwa na 60 na kufariki akiwa na 62 ameishi nayo miaka miwili. Umri wa kufa ni mmoja. Kinachopaswa kuulizwa ni kama vifo vimepungua miongoni mwa waliopimwa, wakilinganishwa na wasiopimwa.

Korea Kusini iligundua hili kwa gharama kubwa. Uchunguzi wa tezi ya shingo ulipoenea nchini humo, idadi ya waliopatikana na saratani ya tezi hiyo iliongezeka takriban mara 15 kati ya 1993 na 2011. Katika mwaka wa 2011 pekee, zaidi ya watu 40,000 waliambiwa wanayo. Vifo havikupungua. Wengi walifanyiwa upasuaji kuondoa uvimbe ambao haungewadhuru maishani.

Isidhaniwe kwamba makala haya yanawakataza watu kupimwa. Upo uchunguzi ambao manufaa yake hayana shaka, na wa mlango wa kizazi ni mfano bora. Kwa makadirio ya kimataifa ya 2020, zaidi ya wanawake 5,200 nchini Kenya walipatikana na saratani hiyo mwaka huo, na zaidi ya 3,200 wakafariki. Huu ni ugonjwa unaochukua miaka mingi kukomaa, na dalili zake za awali zinaweza kuondolewa kwa matibabu mepesi kabla haujawa saratani. Utafiti uliofanywa wilayani Osmanabad nchini India na kuchapishwa 2009, ukihusisha wanawake takriban 131,000, ulionyesha kwamba kupimwa mara moja tu virusi vya HPV vinavyousababisha kulipunguza vifo kwa karibu nusu.

Lakini siri ya ufanisi wa Osmanabad haikuwa kipimo peke yake. Wanawake waliopatikana na virusi walifuatiliwa, wakachunguzwa zaidi na kutibiwa. Hapo ndipo mwanamke wa Chwele au Kwanza anapotofautiana nao. Akiambiwa kambini kwamba ana tatizo, kisha apewe kikaratasi na kuelekezwa hospitali ya rufaa ya kaunti, na pengine baadaye Eldoret, nauli ni yake, siku za kazi zinazopotea ni zake na hofu ni yake. Asipofika huko, kambi itamhesabu miongoni mwa waliohudumiwa, ilhali hakupata huduma yoyote.

Kanuni hii si mpya. Mwaka wa 1968, wataalamu Wilson na Jungner waliiandikia WHO masharti 10 ya uchunguzi wa mapema. Mojawapo ni kwamba vifaa vya kuthibitisha ugonjwa na kuutibu viwepo. Jingine ni kwamba kuwe na tiba inayokubalika kwa watakaopatikana nao. Masharti hayo bado yanafunzwa vyuoni. Yanayofanyika mashinani ni mambo mengine.

Sheria inasemaje?

Wanafunzi wengi hudhani kwamba sheria ya uzembe wa kitabibu ni ya wapasuaji wanaosahau pamba tumboni mwa mgonjwa. Wanakosea. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinamtaka kila mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, huduma za kinga, uchunguzi na matibabu zinazopatikana, faida, hatari na gharama za kila mojawapo, pamoja na haki yake ya kukataa. Maelezo hayo sharti yatolewe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu.

Ni bayana kwamba kifungu hicho kinamgusa anayepima katika soko la Kitale sawa na anayepasua katika hospitali kubwa. Kumwambia mama mzee wa Kibukusu kwa Kiingereza kwamba kipimo chake kina matokeo chanya, kisha kumwita anayefuata, si kumweleza. Kumwambia kwa lugha yake kwamba kati ya watu 100 wanaopata jibu kama lake ni 15 tu walio wagonjwa kweli, na kwamba kuna kipimo cha pili cha kuthibitisha, huko ndiko kumweleza. Asiyeijua hesabu hiyo hawezi kuitimiza sheria hii, hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Mgonjwa akienda mahakamani kudai fidia kwa uzembe, hutakiwa kuthibitisha mambo manne: kwamba mhudumu alikuwa na wajibu kwake, kwamba aliukiuka, kwamba aliumia, na kwamba aliumia kwa sababu ya ukiukaji huo. Hili la nne ndilo gumu zaidi katika kesi za ugonjwa uliochelewa kugunduliwa, na hapo tena takwimu huingia kizimbani.

Nchini Uingereza, ambako mahakama zetu hutazama mara kwa mara kutafuta mwongozo, daktari alimwambia mgonjwa kwamba uvimbe wake wa kwapani haukuwa na madhara. Ulikuwa saratani. Kuchelewa kwa miezi kadhaa kulipunguza uwezekano wake wa kuishi miaka 10 bila ugonjwa kutoka asilimia 42 hadi 25. Mnamo 2005, majaji watatu kati ya watano wa Baraza la Malodi walimnyima fidia, kwa kuwa hata kabla ya kosa la daktari uwezekano wake ulikuwa chini ya nusu. Mtu anaweza kuuona uamuzi huo kuwa mkali. Hata hivyo, unaonyesha kwamba asilimia zinaweza kuamua hatima ya kesi nzima.

Kwa upande mwingine, sheria yaweza kumwadhibu anayefuata ushahidi wa kisayansi. Mwaka wa 1999, daktari aliyekuwa mafunzoni nchini Marekani, Daniel Merenstein, alimweleza mgonjwa faida na hasara za kipimo cha damu cha saratani ya tezi dume, akayaandika mazungumzo hayo. Kipimo hakikufanywa. Baadaye mgonjwa huyo alipatikana na saratani iliyokwisha kuenea. Katika kesi ya 2003, daktari mwenyewe aliondolewa lawama, lakini mpango wa mafunzo alimokuwa ulipatikana na hatia na kutakiwa kulipa dola milioni moja. Madaktari wengi wakijua visa kama hivyo huamua kupima kila kitu ili wajikinge wao, si mgonjwa.

Mwananchi naye anapaswa kujua kwamba muda haumsubiri. Kesi za uzembe kwa kawaida hutakiwa kufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na zile dhidi ya Serikali ndani ya miezi 12. Sheria humruhusu mtu ambaye hakujua mambo muhimu kuhusu madhara yake kuomba muda zaidi, jambo lenye uzito kwa aliyeambiwa ni mzima kisha akagundua miaka baadaye kwamba hakuwa. Aidha, anaweza kupeleka malalamishi kwa Baraza la Madaktari, Baraza la Maafisa wa Kliniki au lile la Wauguzi, kutegemea aliyemhudumia.

Lakini njia iliyofuatwa Bungoma ilikuwa nyingine, na ndiyo inayopaswa kuziamsha serikali za kaunti. Mama yule aliegemea Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Swali likawa, je, waliotoa ahadi walijiandaa kuitimiza? Siku moja, mtu aliyepimwa kijijini, akaambiwa ana ugonjwa na kuachwa bila rufaa wala dawa, anaweza kuliuliza swali hilohilo mbele ya mahakama ileile.

La kufanya

Vyuo vya mafunzo ya matibabu (KMTC) vipo Kitale, Bungoma na Webuye, na kila mwaka hutoa vijana watakaobeba mzigo huu. Takwimu za afya zisifunzwe kwao kama somo la kukariri kanuni ili kupita mtihani. Zifunzwe kwa kuhesabu watu: kati ya 100, wangapi ni wagonjwa, wangapi tutawatisha bure, wangapi watatuponyoka? Sheria nayo isiachiwe juma la mwisho kabla ya kufuzu.

Kaunti kwa upande wao ziweke sharti jepesi. Asiruhusiwe yeyote kuandaa kambi ya uchunguzi, awe kanisa, kampuni au mheshimiwa anayetafuta kura, kabla hajaonyesha kwa maandishi ni wapi watakaopatikana na ugonjwa watathibitishiwa, nani atawatibu, na nani atalipia. Ripoti ya kambi nayo isitaje tu idadi ya waliopimwa, bali pia ya waliofika hospitalini baadaye na kutibiwa.

Bima ya NHIF iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na mamlaka ya SHA Oktoba 2024, kwa ahadi kwamba huduma za msingi zitagharamiwa na hazina ya umma. Mwaka wa 2013 pia palikuwa na ahadi: uzazi bila malipo ulianza Juni, na kufikia Agosti mama mmoja akawa amejifungulia sakafuni. Hakuna anayetaka kesi ya pili ya aina hiyo Bungoma, wala ya kwanza Kitale. Njia ya kuiepuka ni kujiuliza kabla ya kumpima mtu wa kwanza kwenye foleni: akipatikana na ugonjwa, tutamwambia nini na tutampeleka wapi?